Pointi za hoteli: Sarafu isiyo na benki kuu

Kampuni mbili kubwa zinapoungana, aghalabu habari tunazosoma magazetini ni za mabilioni yaliyolipwa, za mkurugenzi atakayebaki kitini na za wafanyakazi watakaofutwa. Ni nadra mno kusikia habari za mteja. Hata hivyo, siku hizi mteja naye huwa ameweka kitu chake ndani ya kampuni hizo. Ameweka pointi. Amezikusanya kwa miaka, leo kwa kulala hotelini, kesho kwa kununua vitu kwa kadi, naye huzihesabu kuwa ni akiba yake. Je, akiba hiyo huenda wapi pale kampuni iliyoahidi kuilipa inaponunuliwa na kampuni nyingine?

Nakusudia kulijibu swali hilo kwa kisa kimoja kilichokwisha kutokea na ambacho hesabu zake ziko wazi, yaani kuungana kwa kampuni mbili za hoteli za Marekani, Marriott na Starwood. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, muungano huo ndio ulioizaa kampuni kubwa kuliko zote za hoteli ulimwenguni. Pili, mwalimu wa hisabati au wa elimu ya biashara anaweza kukipeleka darasani kama kilivyo, akawapa wanafunzi wake karatasi na kalamu, nao wakajionea jinsi kiwango cha kubadilishana kinavyoweza kuwa cha haki na bado hasara ikamfikia mteja.

Labda msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi ambao wengi wetu hulala hotelini mara moja moja tu? Yanatuhusu sana. Mkenya yeyote mwenye simu anazijua pointi. Tangu mwaka 2007, Safaricom imekuwa ikiwapa wateja wake pointi za Bonga kila wanapotumia fedha kuzungumza. Maduka makubwa nayo yana kadi zao. Tena tunao jamaa zetu waishio Marekani, wanafunzi waendao huko kusoma na wahadhiri waendao kwa mikutano, ambao kadi za namna hii huwafikia kwa posta kabla hata hawajazoea baridi. Mwenye kuielewa hesabu ya hoteli ataielewa na ya simu na ya duka.

Tuanze na msingi. Pointi ni nini hasa? Katika matangazo huitwa zawadi, nasi hulipokea jina hilo bila kuhoji. Lakini katika vitabu vya mhasibu wa kampuni ya hoteli, pointi zisizotumika huandikwa upande wa madeni. Ni ahadi kwamba siku moja mteja atakuja kudai chumba, na kampuni itapaswa kumpa. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba ahadi ni deni, na kwa Marriott deni hilo ni la mabilioni ya dola.

Si hayo tu. Pointi pia ni bidhaa. Hoteli huingia mkataba na benki, kisha benki hutoa kadi ya mkopo yenye majina mawili, la benki na la hoteli. Kila mwenye kadi anunuapo chakula au mafuta ya gari, benki humwekea pointi katika akaunti yake ya hoteli. Pointi hizo benki haikuzipata bure. Imezinunua kutoka kwa hoteli kwa fedha taslimu. Benki nayo hurudisha gharama yake kutokana na ada ya mwaka anayolipa mwenye kadi, riba ya wanaochelewa kulipa na ushuru mdogo unaokatwa kwa muuza duka kila kadi inapotumika.

Ushahidi wa biashara hiyo ulionekana wazi mwaka 2020, wakati janga la Korona lilipozifunga hoteli ulimwenguni kote. Vyumba vilikuwa vitupu na fedha hazikuingia. Mwezi wa Aprili mwaka huo, kampuni ya Hilton iliiuzia American Express pointi za dola bilioni moja kwa malipo ya mapema. Mwezi uliofuata, Marriott nayo ilipata takriban dola milioni 920 kutoka kwa JPMorgan Chase na American Express kwa njia kama hiyo. Kampuni iliyokuwa haina wageni wa kulala iliweza kuishi kwa kuuza ahadi za usiku ambao haujafika. Sasa nauliza, kitu kinachoweza kuuzwa kwa bilioni nzima ya dola kitaitwaje zawadi tu?

Naona basi ni sawa kuziita pointi sarafu. Ila ni sarafu ya ajabu. Shilingi yetu ina Benki Kuu inayoisimamia, na mfumuko wa bei ukizidi, wabunge na wananchi huja juu. Sarafu ya hoteli huchapishwa na mwenye hoteli, bei za vyumba kwa sarafu hiyo hupangwa na mwenye hoteli, na kanuni zake hubadilishwa na mwenye hoteli. Mteja hana kiti katika baraza hilo. Hata maandishi madogo ya mkataba humwambia waziwazi kwamba pointi si mali yake. Asiyekuwapo na lake halipo.

Sasa tuingie katika kisa chenyewe. Mnamo Novemba 2015, Marriott ilitangaza kwamba ingeinunua Starwood, kampuni iliyomiliki majina kama Sheraton, Westin na St. Regis, kwa takriban dola bilioni 12.2. Machi 2016 ikajitokeza kampuni ya bima ya Anbang kutoka Uchina, ikapandisha dau hadi takriban dola bilioni 14. Marriott ikaongeza dau lake, na mwishoni mwa mwezi huo Anbang ikajiondoa. Tarehe 23 Septemba 2016 mauzo yakakamilika kwa takriban dola bilioni 13. Kampuni moja ikawa na hoteli zaidi ya 5,700 na vyumba takriban milioni 1.1 katika nchi zaidi ya 110.

Wateja wa Starwood waliingiwa na wasiwasi, nao walikuwa na sababu. Pointi zao zilikuwa chache lakini nzito. Aliyetumia kadi ya Starwood, iliyotolewa na American Express, alipata pointi moja tu kwa kila dola katika ununuzi wa kawaida. Lakini pointi hiyo moja ilinunua kitu kikubwa. Kwa pointi 20,000, mteja aliweza kupata maili 25,000 katika mashirika mengi ya ndege. Pointi za Marriott, kwa upande mwingine, zilitolewa kwa wingi na zilikwisha kwa wingi. Swali lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa moja. Je, pointi moja ya Starwood ingebadilishwa kwa ngapi za Marriott?

Jibu lilitolewa siku ileile ya kukamilika kwa mauzo, yaani moja kwa tatu. Mwenye pointi 10,000 za Starwood angepata 30,000 za Marriott. Wengi walishusha pumzi, na kwa hakika kiwango hicho kilikuwa cha haki. Hata ile njia ya maili za ndege ilihifadhiwa. Kwa pointi 60,000 za Marriott, ambazo ni sawa na 20,000 za zamani, mteja aliendelea kupata maili 25,000 zilezile. Lau mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika.

Lakini thamani ya sarafu haipimwi kwa kiwango cha kubadilishana peke yake. Kuna maswali matatu, na nawaomba walimu wayaandike ubaoni. La kwanza, je, sarafu ya zamani inabadilishwa kwa ngapi za sarafu mpya? La pili, je, kuanzia sasa mtu atafanya kazi kiasi gani ili aipate sarafu hiyo mpya? La tatu, je, bidhaa zitauzwa kwa bei gani kwa sarafu hiyo? Katika muungano, kampuni hulijibu swali la kwanza kwa sauti kubwa. La pili hulijibu kwa sauti ya chini. La tatu huliacha kwa miaka ijayo.

Tulitazame swali la pili. Tarehe 18 Agosti 2018, mipango ya wateja ya Marriott, ya Ritz-Carlton na ya Starwood iliunganishwa kuwa kitu kimoja. Mwezi huohuo kadi ya Starwood ilibadilishiwa kanuni. Kwa dola moja ya ununuzi wa kawaida, mteja angepata pointi mbili mpya. Kwa mtazamo wa haraka, hilo ni ongezeko, kwa kuwa zamani alipata moja na sasa anapata mbili. Lakini ile moja ya zamani ilikuwa sawa na tatu mpya! Kwa hiyo mtu alishushwa kutoka tatu hadi mbili, yaani alipoteza theluthi moja.

Tufanye hesabu kwa maili za ndege. Zamani, ili apate maili 25,000, mtu alihitaji pointi 20,000 za Starwood, na ili azipate ilimlazimu kutumia dola 20,000 kwa kadi yake. Baada ya Agosti 2018 alihitaji pointi 60,000 mpya, na kwa pointi mbili kwa kila dola ilimbidi kutumia dola 30,000. Kiwango cha kubadilishana hakikuguswa. Bei ya maili haikuguswa. Hata hivyo njia ya kufika huko iliongezeka kwa nusu. Mwanafunzi aulizwe, imekuwaje upungufu wa theluthi moja uzae ongezeko la nusu? Akilijibu swali hilo barabara, hatadanganywa kwa urahisi na tangazo la biashara maishani mwake.

Haki inanidai niseme pia yale mteja aliyoyapata. Kadi hiyohiyo iliongezewa zawadi ya usiku mmoja kila mwaka baada ya kulipa ada, katika hoteli isiyozidi pointi 35,000. Mwenye kulala hotelini mara kwa mara alipata mlango wa hoteli nyingi zaidi kuliko awali. Kwa msafiri wa namna hiyo, huenda muungano ulikuwa na faida. Aliyeumia ni yule aliyetumia kadi kwa matumizi ya kila siku, akidunduliza pointi mojamoja kama mtu anayejaza kibuyu kwa matone.

Swali la tatu ndilo lenye somo kubwa zaidi, kwa kuwa lilijibiwa polepole. Mipango ilipoungana Agosti 2018, bei ya juu kabisa ya usiku mmoja kwa jedwali la kawaida iliwekwa kuwa pointi 60,000. Baadhi ya hoteli za kifahari za Starwood zilikuwa zikidai kati ya pointi 30,000 na 35,000 za zamani, yaani 90,000 hadi 105,000 kwa hesabu mpya. Kwa hiyo kwa miezi michache bei ya hoteli hizo ilishuka! Waliokuwa macho walikimbilia kuweka nafasi zao mapema, hata za mwaka uliofuata.

Mlango huo haukukaa wazi. Machi 2019, mara tu baada ya mpango kupewa jina jipya la Marriott Bonvoy, daraja jipya la juu lilianza kutumika, na bei yake ya kawaida ikawa pointi 85,000. Septemba mwaka huohuo bei za msimu zikaanzishwa, na usiku wa daraja hilo wakati wa wageni wengi ukafika pointi 100,000. Hatimaye, Machi 2022, jedwali lenyewe likaondolewa. Siku hizi bei hupanda na kushuka kulingana na msimu na mahitaji, na mteja hana karatasi ya kuishika akasema hii ndiyo bei mliyoniahidi.

Tazama basi mwendo huo. Pointi 60,000 zilizonunua usiku mmoja Januari 2019 hazikuutosha usiku uleule miezi michache baadaye. Kutoka 60,000 hadi 85,000 ni ongezeko la takriban asilimia 42. Kutoka 60,000 hadi 100,000 ni takriban asilimia 67. Lau shilingi ingepoteza thamani kwa kiasi hicho katika muda wa mwaka mmoja, tungekuwa barabarani. Lakini kwa kuwa ni pointi, waliolalamika waliambiwa warejee kanuni walizozikubali.

Kuna mambo mengine mawili yaliyofuatana na muungano huu, na si ya kupuuzwa. Jambo la kwanza ni la benki. Kabla ya kuungana, Starwood ilikuwa na American Express na Marriott ilikuwa na Chase. Wengi walidhani benki moja ingefukuzwa. Desemba 2017 ikatangazwa kwamba zote mbili zingebaki. Kwa hiyo mpango mmoja ukawa na kadi za benki mbili, na kila benki ikaweka masharti ya kumnyima zawadi ya kujiunga mtu aliyewahi kupata kadi ya mwenzake katika muda fulani. Mtu aliyekuwa na kadi mbili za mipango miwili tofauti akajikuta ana kadi mbili za mpango mmoja, ada mbili za mwaka, na vikwazo ambavyo hakuvijua.

Jambo la pili ni la siri za watu. Tarehe 30 Novemba 2018, Marriott ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika hifadhidata ya wageni wa Starwood tangu mwaka 2014, yaani kabla hata ya kampuni hiyo kununuliwa. Mwanzoni ilisemwa kwamba huenda wageni hadi milioni 500 waliguswa. Baadaye idadi hiyo ikapunguzwa hadi kumbukumbu zisizozidi takriban milioni 383, na miongoni mwake zilikuwamo nambari za pasipoti zaidi ya milioni tano zilizohifadhiwa bila kufichwa kwa msimbo. Uingereza iliitoza Marriott faini ya pauni milioni 18.4 mnamo Oktoba 2020, na Oktoba 2024 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa majimbo 49 ya Marekani pamoja na mji mkuu wa nchi hiyo. Anayenunua nyumba hununua na nyoka aliyejificha darini. Mteja aliyekuwa amempa Starwood pasipoti yake hakuulizwa kama alitaka Marriott airithi.

Hapa kwetu mambo haya hayako mbali kama yanavyoonekana. Mwaka 2016, kampuni ya Accor ya Ufaransa iliinunua kampuni iliyomiliki jina la Fairmont, jina linalobebwa na hoteli ya Norfolk jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1904. Mwaka 2018 mpango wa wateja wa Fairmont ukafutwa, na wanachama wake wakahamishiwa mpango wa Accor. Marriott nayo ilifungua kambi ya kifahari Masai Mara mwaka 2023. Uamuzi unaopitishwa Paris au katika jimbo la Maryland, yaliko makao makuu ya Marriott, humfikia mara moja mgeni aliyelala Harry Thuku Road.

Tena tunayo mifano yetu wenyewe. Wakazi wa miji yetu wanaikumbuka kadi ya Nakumatt. Duka hilo lilifika hata mahali pa kushirikiana na benki katika kutoa kadi ya malipo yenye jina lake. Wadai wake walipopiga kura Januari 2020 ili kampuni ifungwe, mabenki na wauzaji wa bidhaa walikuwa ukumbini. Aliyekuwa amekusanya pointi kwa miaka kwa kununua unga na sabuni hakuwa na kiti humo, na hapakuwa na duka lililobaki la kuzipokea. Huko Marekani mteja alipunguziwa, hapa mteja alifutiwa. Chanzo ni kimoja, kwamba deni la pointi ni deni lisilo na mtetezi.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba pointi hutolewa bure, na apewaye bure hana haki ya kulalamika. Hoja hiyo ina uzito kwa mtazamo wa kwanza, lakini haisimami. Mteja alichagua hoteli hii badala ya ile kwa sababu ya ahadi ya pointi. Alilipa ada ya kadi kila mwaka kwa sababu ya ahadi hiyohiyo. Pengine alilipa bei ya juu kidogo, akijiambia kwamba tofauti itarudi. Benki nayo ilizinunua pointi hizo kwa niaba yake. Kitu kilicholipiwa mara tatu hakiwezi kuitwa cha bure siku ya kudaiwa tu.

Wengine watasema kwamba kampuni haiwezi kufungwa na bei za zamani milele, kwa kuwa mishahara na umeme hupanda. Hilo nalikubali. Sidai kwamba bei isibadilike. Nadai kwamba mabadiliko yatangazwe mapema, na kwamba aliyekusanya pointi kwa bei ya jana apewe muda wa kuzitumia kwa bei hiyo. Serikali inapobadilisha noti, wananchi hupewa muda wa kuzirudisha za zamani. Kwa nini sarafu ya hoteli isifuate adabu hiyo?

Kwa upande wa sheria, Kenya si maskini. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, pamoja na haki ya kulindwa kwa masilahi yake ya kiuchumi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tunayo pia Mamlaka ya Ushindani, ambayo huchunguza miungano ya kampuni na kuweka masharti kabla ya kuikubali. Mara nyingi masharti hayo yamehusu ajira za wafanyakazi, nalo ni jambo jema. Pendekezo langu ni kwamba mamlaka hiyo iulize swali moja zaidi, yaani, kampuni hizi zina deni gani la pointi kwa wateja wao, na litalipwaje? Jibu liandikwe na litangazwe. Hilo halitaizuia biashara yoyote halali.

Mpaka hayo yatimie, mwenye pointi afanye nini? Nitataja machache yanayofuata moja kwa moja kutokana na kisa hiki.

Mosi, aweke kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku muungano unapotangazwa, na aandike idadi ya pointi zake, daraja lake la uanachama na idadi ya siku alizolala, kisha azichapishe kurasa hizo. Mipango ya Marriott ilipounganishwa Agosti 2018, wanachama wengi walilalamika kwamba akaunti zao hazikuungana sawasawa au kwamba siku walizolala hazikuonekana. Mwenye karatasi mkononi ana la kuonyesha. Kadhalika na ahakikishe kwamba jina, anwani na nambari ya simu vinafanana katika akaunti zote mbili kabla ya kuomba ziunganishwe.

Pili, asiwe mwenye kulimbikiza. Fedha iliyo benki hupata riba, ilhali pointi huozea ghalani. Pointi za Marriott hufutwa iwapo akaunti haikutumika kwa miezi 24, na hata zisipofutwa hupungukiwa thamani. Mwenye pointi za kutosha kwa safari aliyoikusudia na aziweke nafasini mapema, hasa katika miezi ya kwanza baada ya muungano, wakati bei mpya hazijatulia.

Tatu, azichunguze kadi zake moja baada ya nyingine. Ni benki gani iliyoitoa? Ada ya mwaka hukatwa tarehe gani? Je, baada ya muungano, kadi mbili zinampa kitu gani ambacho moja isingempa? Asikimbilie kufunga kadi kabla ya kuyajua masharti ya zawadi za kujiunga, wala asiogope kuifunga isiyomfaa. Pointi zilizokwisha kuingia katika akaunti ya hoteli hubaki huko hata kadi ikifungwa. Hizo ni tofauti na pointi za benki yenyewe, ambazo zaweza kutoweka pamoja na kadi.

Nne, na hili ndilo la muhimu kuliko yote, asikope kwa ajili ya pointi. Riba ya kadi nyingi za Marekani imepita asilimia 20 kwa mwaka. Mtu anunuaye vitu vya dola 1,000 akabaki na deni hilo mwaka mzima atalipa riba ya zaidi ya dola 200. Kwa ununuzi huo alipewa pointi 2,000, na kwa kawaida pointi moja ya Marriott hainunui kitu cha zaidi ya senti moja ya dola. Kwa hiyo alipewa zawadi isiyofika dola 20, akailipia zaidi ya 200. Kijana wetu anayekwenda kusoma ng'ambo na aelezwe hesabu hiyo kabla ya kupanda ndege.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika kisa hiki fahali hawakupigana, walipatana, na bado nyasi zilikanyagwa. Hilo litaendelea muda wote ambao mteja ataridhika kusikia kwamba moja yake imekuwa tatu, bila kuuliza tatu hizo atazipataje kesho na zitanunua nini. Nawasihi walimu wa hisabati na wa elimu ya biashara wawape wanafunzi wao maswali hayo matatu muhula huu, pamoja na takwimu nilizozitoa hapa. Kisha kila mwanafunzi aombwe kuitazama kadi moja ya pointi iliyo nyumbani kwao, aandike masharti yake kwa Kiswahili chepesi, na awasomee wazazi wake.